Mlango Usivunjwe, Utolewe: Mwongozo wa Kuokoa na Kugawa Vitu vya Nyumba Unayoikarabati Lubumbashi

Nyumbani kwa mama mdogo wangu, Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, kuna mlango wa mbao ya mulombwa uliolala juu ya matofali manne, na juu yake mihogo inakauka. Mlango huo niliupeleka mimi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukarabati nyumba, ile ya Bel-Air tuliyoachiwa na baba, na fundi alikuwa amenihakikishia: "Mama, kufika saa sita yote iko chini." Kweli, saa sita ilipofika yote ilikuwa chini. Lavabo, sinki la kunawia, vipande viwili, vioo unga, fremu zimepasuliwa kwa shoka. Milango ilinusurika kwa sababu tu ilikuwa mizito, wakaiegemeza ukutani na kuisahau. Nikatafuta pusupusu, mkokoteni wa kusukuma kwa mkono, nikampelekea mama mdogo ulio mzuri kuliko yote: bila fremu, bila bawaba, bila ufunguo, na mpana kuliko tundu la ukuta wake kwa sentimita 15. Jioni akanipigia simu. "Mwanangu, aksanti sana kwa meza."

Tangu siku hiyo nimesimamia kazi nyingine za ukoo, Makomeno na Kamalondo, na vitu vilivyotoka huko vimefika kwa watu vikiwa bado ni milango, bado ni madirisha. Haya ndiyo ninayofanya sasa, kwa mpangilio wake.

1. Chaki kwanza, fundi baadaye

Kazi huharibika siku ya kupatana bei, si siku ya kubomoa. Fundi anayelipwa kwa kazi nzima anataka kuimaliza, na shoka humaliza upesi kuliko bisibisi. Ukija kumwambia katikati ya kazi, "Polepole, huo mlango nautaka," unamla muda wake bila malipo. Atakuitikia "Ndiyo, mama," na ukigeuka tu utasikia mlio.

Kwa hiyo izungukie nyumba peke yako kabla hujamwita mtu. Beba chaki, daftari, futi na simu yenye chaji. Kila kitu kinachostahili kutoka kizima kipe namba, na vinavyokwenda pamoja vipe namba moja: mlango M1, fremu yake M1, kitasa chake M1, ufunguo wake M1. Kwenye mlango andika juu ya ukingo wa upande wa bawaba, mahali ambapo mikono haishiki wakati wa kubeba, maana chaki ya katikati ya ubao haifiki jioni. Piga picha ya kila kitu kikiwa bado mahali pake, kwa mbali na kwa karibu. Fundi wa upande wa pili, ambaye hakuiona nyumba yako, ataihitaji picha hiyo kuliko maelezo yako.

Katika kuzunguka huko, jaribu mbao. Hapa kwetu mchwa hawana likizo, na wanapenda kuanzia chini ya fremu, pale mbao inapogusa sakafu. Gonga kwa kifundo cha kidole kutoka juu kwenda chini. Mlio ukibadilika na kuwa wa kopo tupu, chomeka msumari. Ukizama kama kwenye ndizi mbivu, sehemu hiyo imekwisha. Usiitupe fremu nzima kwa ajili hiyo. Sentimita 20 za chini zinaweza kukatwa na kuungwa kipande kipya. Milango ya mulombwa ya nyumba za zamani, zile zilizojengwa mji ukiitwa bado Élisabethville, mara nyingi ni mizima chini ya tabaka nne za rangi. Mti huo ukikatwa mbichi hutoa utomvu mwekundu kama damu, na mbao yake ikishakauka haichezi ovyo. Mlango wa namna hiyo hutaupata leo kwa bei ya mlango mwepesi unaoingia kwa malori kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia.

Sasa ndipo umwite fundi, na umpe bei mbili. Bei ya kwanza ni ya kubomoa. Bei ya pili ni ya kila kitu chenye chaki kitakachotoka kizima: mlango pamoja na fremu yake, kiasi hiki; dirisha na vioo vyake, kiasi hiki; kikipasuka, nyongeza yake imekufa. Lipa jioni ileile, mbele ya wasaidizi wake wote. Kesho yake utaona wenyewe wanaambiana taratibu.

Kuna jambo jingine ambalo watu huona haya kulisema. Kwa desturi zetu, mabaki ya kazi ni ya waliofanya kazi. Fundi anajua misumari ni yake, msaidizi anajua kuni ni zake, na zamu, yule mlinzi wa usiku, anajua vipande vya manjanja, mabati ya paa, ni vyake. Usipigane na desturi hiyo, itaje tu waziwazi siku ya kwanza: hivi ni vyenu, na vyenye chaki vina safari. Zamu mpe chake mapema kabisa. Yeye ndiye atakayelala na milango yako.

Kama wewe ni mpangaji, simama hapa kwanza. Kilichofungwa ukutani kwa kawaida huhesabiwa ni cha mwenye nyumba, hata kama ulikinunua wewe na hamkuandikiana. Muulize, apate kukujibu kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu. Na mita ya umeme ya SNEL au ya maji ya REGIDESO si yako wala si ya mwenye nyumba. Iache.

2. Muulize anayepokea kabla hujatoa hata skurubu moja

Hapa ndipo nilipokosea kwa mama mdogo, na ndipo wengi wanapokosea. Tunatoa kwanza, kisha tunatafuta wa kumpa, na huyo kwa adabu hawezi kukataa. Anapokea, anashukuru, na sasa ana mzigo katika lupango yake, uani kwake.

Nenda ukaone. Peleka futi. Kwa mlango pima upana na urefu wa tundu, pima unene wa ukuta, na uangalie mlango utafungukia upande gani, ndani au nje, kulia au kushoto. Milango ya nyumba za kampuni na za mjini mara nyingi ni mipana kuliko matundu ya nyumba za cité, mitaa ya watu wa kawaida. Mlango mpana unaweza kurandwa kidogo pembeni, lakini ukikata sana unafika kwenye viungo vyake, na hapo unaachia. Mara nyingine ni rahisi zaidi kupanua tundu, hasa kama ukuta ni wa matofali ya udongo wa kichuguu yaliyojengwa kwa tope.

Choo cha kuvuta ndicho kinachodanganya watu zaidi. Kinang'aa, kizito, kinaonekana zawadi kubwa. Lakini tangi la zamani humeza lita 9 na zaidi kila ukivuta. Mama anayechota maji kisimani kwa bidoni ya lita 20 atavuta mara mbili, bidoni imekwisha. Huyo usimpeleke choo hicho. Mpelekee mlango wa choo chake cha shimo, wenye komeo la ndani, na vipande viwili vya manjanja vya kuezekea. Choo cha kuvuta kipeleke penye maji ya bomba: kituo cha afya, shule iliyoungwa, nyumba ya masista.

Vitu ambavyo sijawahi kuona vikikataliwa ni hivi: mlango wa nje wenye kitasa kinachofunga, nondo za dirisha (antivole), manjanja yasiyotoboka, na lavabo ndogo kwa kituo cha afya. Hicho cha mwisho nilikuja kukigundua kwa bahati. Muuguzi mmoja aliniambia kwamba chumba chao cha kuzalishia kina robine (bomba) ya ndoo tu, na lavabo yangu ya chumba cha wageni, ambayo mimi niliiona ya aibu kwa ufa wake wa rangi, ikaenda kufungwa huko.

Kama humjui mtu, anzia kwa kina mama wa parokia au wa kanisa lako. Wanajua nani ameezuliwa paa na upepo wa mvua za kwanza, na nani analala nyuma ya pazia badala ya mlango. Shule za ufundi nazo hupokea mbao mbovu na makufuli yaliyokwama, kwa sababu wanafunzi wanahitaji cha kuharibu wakijifunza.

Wengine watakuuliza kwa nini usiuze. Uza, kama ndilo lengo lako, hakuna dhambi. Kuna hata njia ya kati. Mmarekani Millard Fuller na mke wake Linda waliishi Mbandaka, hapahapa nchini kwetu Kongo, tangu 1973 hadi 1976 wakijenga nyumba za watu wa kipato kidogo. Waliporudi kwao wakaanzisha Habitat for Humanity, mwaka uleule wa 1976. Baadaye watu wa shirika hilo wakafungua maduka ya vitu vilivyotolewa kwenye nyumba: milango, masinki, taa, makabati. La kwanza lilifunguliwa Winnipeg, Kanada, mwaka 1991. Mtu analeta bure, duka linauza kwa bei ya chini, pesa inajenga nyumba nyingine. Kwetu duka la namna hiyo linaweza kuwa veranda ya parokia Jumamosi moja, na pesa ikanunua saruji ya kufungia ile milango ya bure. Nimefanya hivyo mara moja. Taa za ukutani zilizokuwa na maua ya kioo zilikwenda kwa dakika kumi, zikalipa mifuko ya saruji.

3. Ambavyo hutampa mtu

Kwanza paa la eternit, lile la kijivu lenye mawimbi makubwa, zito, linalopasuka kama chungu. Lipo bado kwenye nyumba na maghala mengi ya zamani mjini. La zamani lina asibesto ndani. Nyuzi zake hazionekani kwa macho, zinaingia mapafuni na kukaa humo, na ugonjwa unaweza kujitokeza baada ya miaka 20 au 40: saratani ya mapafu, na saratani ya utando wa mapafu. Nchi za Umoja wa Ulaya zimepiga marufuku karibu matumizi yake yote tangu 2005. Usilikate kwa msumeno, usilitoboe, usilifagie likiwa kavu, na usimgawie jirani "la kuezekea banda la kuku". Kama haliko katika njia ya kazi yako na halijavunjika, liache palepale. Kama ni lazima litoke, mwagia maji, lifunguliwe bila kuvunjwa, mabamba yafungwe kwa plastiki nene, wafanyakazi wavae barakoa za kuzuia vumbi laini na wafue nguo hizo peke yake. Kitambaa cha kufunga mdomoni hakizuii kitu.

Pili rangi ya zamani. Rangi nyingi za miaka ile zilitiwa madini ya risasi, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Mlango wenye rangi nzima unaweza kugawa, ila usiukwangue mkavu. Lowesha maji, kwangua, kusanya maganda yote kwenye plastiki, watoto wakiwa mbali, kisha paka rangi mpya juu. Usiichome kwa moto.

Tatu umeme. Waya wenye ngozi ya mpira iliyokauka au ya kitambaa hauendi popote isipokuwa kwa mnunuzi wa vyuma. Swichi iliyopasuka, soketi yenye doa jeusi la kuungua, vivyo hivyo. Neon, zile taa za mirija, zina zebaki, zisivunjwe. Taa nzima, vishikio vya kauri na masanduku ya chuma ya fizibu (fyuzi) hugawika.

Na mabomba ya risasi, kama utayakuta. Kwangua kwa ncha ya msumari: yakiwa laini na mkwaruzo ukang'aa kama fedha, hayarudi kwenye maji ya kunywa ya mtu yeyote.

4. Kutoa

Siku yenyewe zima umeme kwenye dizonkta, swichi kuu ya nyumba, funga maji, kisha jaribu: washa taa, fungua robine. Usiamini mtu aliyesema amezima. Kuna nyumba niliyoikuta na nyaya mbili, moja ikitoka kwa jirani.

*Mlango.* Milango ya zamani ya hapa mara nyingi inakaa kwenye paumeli, bawaba za vipande viwili zenye pini. Mlango wa hivyo haufunguliwi skurubu. Ufungue nusu, ingiza mtaimbo chini yake juu ya kipande cha ubao, uinue taratibu, mtu wa pili akiushika juu. Unapanda, unatoka. Kama haupandi, rangi imeziba mwanya kati ya vipande viwili vya bawaba. Kata rangi hiyo kwa kisu, tia mafuta ya taa kidogo, nenda kanywe chai. Ukirudi gonga chini ya bawaba kwa nyundo ndogo mara tatu nne. Haraka hapa inapasua ubao mahali pale skurubu ziliposhika, na pakipasuka hapo mlango umekuwa meza.

Skurubu iliyozikwa kwenye rangi, safisha mfuo wake kwa ncha ya kisu mpaka uone chuma. Weka bisibisi inayojaa mfuo wote, igonge kichwani kwa nyundo mara moja, kisha kaza kidogo kabla ya kulegeza. Mtikiso ule huvunja kutu. Ikigoma kabisa usiilazimishe mpaka kichwa kiliwe. Ipashe moto kwa chuma cha pasi cha fundi wa redio, iache ipoe, jaribu tena.

Kabla ya kuugusa mlango wenyewe, toa ufunguo. Nasema hili kwa sababu ufunguo ndio hupotea kwanza. Uko mlangoni, mtu anausogeza asije akaukata, anautia mfukoni, anakwenda nao Ruashi.

*Fremu.* Imeshikwa ukutani na vyuma vilivyozikwa, kwa kawaida vitatu kila upande. Ukivuta tu kwa mtaimbo utakunja miguu ya fremu. Piga plasta kwa tindo pembeni mwa fremu mpaka uvione vyuma, vikate kwa msumeno wa chuma, vyote sita. Kabla ya kuitoa, pigilia ubao mmoja chini kuunganisha miguu miwili na mwingine wa mshazari kwenye kona. Bila mbao hizo mbili fremu itafika Katuba ikiwa imelegea kama kitanda cha hoteli mbaya, na fundi wa huko atailaani familia yako.

*Dirisha.* Vioo vya nako, vile vipande vyembamba vinavyopangwa kimoja juu ya kingine, hutoka kimoja kimoja kwa kufungua midomo ya bati inayovishika. Vifunge kwa gazeti, vihesabu, andika hesabu juu. Madirisha ya chuma yenye vioo vya kupakwa lami ngumu ya dirisha ni kazi ndefu. Kama kioo hakina thamani, bandika utepe wa gundi wa msalaba juu yake na ukiache mahali pake, litoke dirisha lote. Nondo zilizozikwa ukutani zinakatwa karibu kabisa na ukuta, ili zibaki ndefu.

*Lavabo na sinki.* Ndoo chini ya sifoni, lile bomba lililopinda chini ya lavabo, fungua sifoni kwa mkono, mwaga. Legeza mipira ya maji. Sasa mtu mmoja abebe uzito wote wa lavabo kabla ya mwingine kufungua misumari ya ukutani, maana kinachoivunja ni ile sekunde moja inaponing'inia kwenye skurubu ya mwisho.

*Choo.* Vuta, kausha maji yaliyobaki kwa kitambaa, toa tangi kwanza. Bakuli likiwa limefungwa kwa skurubu mbili sakafuni, fungua, litikise kulia na kushoto kama unavyong'oa jino la mtoto. Likiwa limezikwa kwa saruji, ukubali moja kati ya mawili: nusu siku ya tindo ndogo kuzunguka mguu wake, au livunjike. Mimi vyoo vilivyozikwa siviandiki tena kwenye orodha. Ukishatoa, ziba tundu la sakafuni kwa matambara, harufu isipande na nyundo ya mtu isitumbukie.

*Manjanja.* Yatolewe kinyume cha yalivyowekwa: kofia ya paa kwanza, kisha bati lililopigiliwa mwisho. Aliye juu akanyage penye mstari wa misumari tu, kwani chini yake ndipo penye mbao. Msumari unavutwa huku kipande cha ubao kikiwa chini ya nyundo, bati lisibonyee. Likifika chini linyanyue kuelekea jua na uingie nyuma yake: kila tundu litaonekana kama nyota. Matundu ya misumari yaliyo juu ya wimbi hayana neno, yatazibwa kwa misumari mipya yenye mpira. Matundu yaliyo bondeni mwa wimbi, pale maji yanapopita, ndiyo yanayovuja; hilo ni bati la ukuta wa jiko au la banda. Kazi ya paa ifanyike kiangazi, Mei mpaka Septemba. Mvua za kwanza zinakuja na upepo, na bati lililobaki na msumari mmoja ni panga.

*Matofali.* Gonganisha mawili. Yakilia kama chuma yameiva, yakisema "pu" yatarudi kuwa udongo. Yaliyojengwa kwa tope husafishika kwa upanga wa zamani. Yaliyoshikwa kwa saruji utavunja matatu kupata moja, yafanye kokoto.

5. Mfuko

Kila namba ina mfuko wake mdogo wa plastiki: skurubu, bawaba, kitasa, ufunguo, mpira wa lavabo, hata ile pete ndogo ya chuma ambayo hujui ni ya nini. Hasa hiyo. Funga mfuko, usiuweke kwenye sanduku moja na mingine, ufunge kwa waya kwenye kitu chenyewe. Kitu na mfuko wake wasiachane mpaka siku ya kufungwa.

Kitasa kigumu kitie mafuta ya taa, ukigeuze mara ishirini, ukikaushe, kisha tia unga wa penseli iliyokwanguliwa. Mafuta mazito hunasa vumbi letu jekundu na baada ya mwezi ufunguo haugeuki tena.

6. Kulaza

Milango ilale chali juu ya mbao tatu, si mbili, la sivyo inajipinda katikati. Mbao hizo zikae juu ya matofali, na matofali yapakwe mafuta machafu ya gari kuzuia mchwa kupanda. Vioo visimame, visilale kamwe. Manjanja yapangwe yakiwa makavu, vijiti kati yake, upande mmoja juu kidogo. Maji yakinaswa kati ya mabati mawili yanaacha ukoga mweupe unaokula zinki.

Visikae zaidi ya juma moja au mawili. Kila Jumapili vikiwa bado uani, kitu kimoja kinapungua.

7. Karatasi, kisha barabara

Mji huu unaishi kwa shaba, na kwa hiyo unaibiwa shaba. Mtu mwenye pusupusu iliyojaa nyaya, robine za shaba nyeupe na nondo, saa kumi na mbili jioni, atasimamishwa, na ana haki ya kuwa na wasiwasi hata akiwa na moyo safi. Msukuma pusupusu ndiye atakayelala ndani, si wewe.

Andika karatasi: jina lako, anwani ya nyumba, orodha ya vitu kwa namba zake, jina la anayepokea, tarehe, sahihi mbili. Ipitishe kwa shefu wa kartie, kiongozi wa mtaa, aigonge muhuri. Nakala moja ibaki kwako, moja aende nayo msukuma, moja kwa anayepokea, kwani kesho naye anaweza kuulizwa ameutoa wapi mlango mzuri namna hii. Safirisha asubuhi. Nyaya za shaba usizichanganye na mzigo wa zawadi hata kidogo.

Juu ya pusupusu, mlango usimame kwa ukingo wake mrefu, matambara kati ya mlango na mlango. Lavabo isafiri ndani ya tairi la zamani. Usafiri ulipe wewe. Zawadi inayomfanya mjane akope nauli ni deni.

8. Kufunga

Kama unaweza, mpeleke fundi aliyetoa ndiye afunge. Anajua kila mfuko. Fremu isimamishwe wima kwa uzi na jiwe, ifungwe ukutani kwa vyuma vipya, na ikae siku mbili tatu saruji ishike kabla ya kutundikwa mlango. Sehemu ya fremu itakayogusa ukuta na sakafu ipakwe mafuta machafu mara mbili. Matundu ya skurubu yaliyolegea yajazwe njiti za kiberiti zilizochovywa kwenye gundi ya mbao, skurubu ileile ya zamani itashika tena.

Na mlango ukifungwa kiangazi, mbao ikiwa imekauka mpaka inalia, usiubane. Mvua zikija utavimba. Acha nafasi pande zote ya unene wa kadi mbili za mpiga kura zilizobandikwa pamoja. Mama mdogo, niliyempelekea mlango wa pili mwaka uliofuata, safari hii na fremu, mfuko na karatasi yenye muhuri, aliona mwanya huo na akasema panya watapita. Akataka fundi aongeze kipande cha ubao. Fundi akamwomba angoje Januari. Januari akanipigia simu asubuhi na mapema, mvua ikisikika nyuma yake, akafungua na kufunga huo mlango karibu na simu mara mbili ili nisikie kitasa. Ule wa kwanza bado anaanikia mihogo. Nilipotaka kuuchukua nikautafutie fremu, alikataa.